Ukitaka kuifaidi Emma, mpe VJ likizo

Kama umekulia kwenye vibanda vya video vya Uganda, VJ, yule mtafsiri wa filamu, akiruka juu ya mazungumzo kukueleza kwa Kiganda nani mbaya na nani mwema hata kabla ya risasi ya kwanza kulia, basi filamu ya Emma, ile ya mwaka 2020 iliyoongozwa na Autumn de Wilde, itakuchosha mapema. Hakuna anayepigwa risasi. Watu wanakunywa chai, wanasengenyana na kuvaa wakapendeza. Usiizime.

Weka maandishi ya chini. Filamu imetoka kwenye riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1815, na Kiingereza chake kinakwenda mbio, adabu juu, sumu chini. Sentensi moja inaweza kubeba pongezi na tusi kwa pamoja. VJ, hata awe hodari namna gani, atakutafsiria kimoja tu, na kwa kawaida ni tusi.

Halafu usikae ukingoja busu. Aliyewahi kuhudhuria kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, anajua kwamba bwana harusi ametulia kimya huku wasemaji wa pande mbili wakitambiana, na bado kila mtu amemkodolea macho yeye. Itazame filamu hii kwa macho hayo. Kuna usiku wa dansi ambapo Harriet Smith, binti asiyejua hata wazazi wake ni nani, anakataliwa na mchungaji Elton mbele ya watu. Knightley, jirani na rafiki wa familia ya Emma, ambaye si mtu wa kucheza, anainuka na kumwomba Harriet wacheze. Hatoi hotuba. Mimi hapo ndipo nilipokaa sawa kwenye kiti, na sura ya Emma akiwatazama inakwambia hadithi nzima inaelekea wapi.

Emma mwenyewe, anayechezwa na Anya Taylor-Joy, ni binti wa miaka 21 hivi aliyejipa kazi ya senga, yule shangazi wa Kiganda anayewafunda mabinti mambo ya ndoa, bila umri wala busara ya senga. Anamkatiza Harriet asiolewe na mkulima anayempenda, eti atamtafutia wa hadhi. Sote tunaye ndugu wa aina hiyo. Matembezi ya kilima cha Box Hill yatazame bila simu mkononi: Emma anamtania Miss Bates, mwanamke mtu mzima asiye na mali wala mume, na mzaha unageuka kidonda. Kicheko kinakauka. Baadaye Knightley anamweka kando na kumkaripia, kama ambavyo wakubwa wetu wangefanya.

Frank Churchill, kijana mtanashati anayekuja kumchangamkia Emma, hakunishika hata kidogo, na muziki mahali pengine unajifanya mchekeshaji kupita kiasi. Lakini Bill Nighy, kama baba yake Emma anayeogopa upepo kiasi cha kuzungushiwa viwambo na watumishi, ananitosha. Na kwenye posa yenyewe pua inatoka damu. Sisemi ya nani.

Inachukua saa mbili na dakika chache, kwa hiyo ipakue mapema kabla umeme haujakuchezea. Itazame na shangazi yeyote anayependa kuozesha watu, na rimoti ashike yeye, kwa sababu kila kijana akitokea ataisimamisha akuulize huyu ni wa ukoo gani.