Kompyuta nafuu ya kuhariri video: tazama kwanza mafaili ya kamera yako, kori baadaye

Msomaji mmoja aliyeko Mbeya, anayepiga video za harusi na kutengeneza intro za moshen grafiksi (maandishi na michoro inayotembea), ameniuliza wiki hii kama achukue mashine ya mtumba yenye prosesa ya Intel Xeon E5-2680 v4. Kori 14 (vitengo vya kazi ndani ya prosesa), thredi 28 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), RAM GB 64, na bei yake iko chini ya ile ya Core i7-8700 yenye kori 6. Jibu langu ni asichukue. Nalieleza hapa kwa kirefu kwa sababu swali hili halikomi, na vijana wanaendelea kuzika mitaji yao kwa kuhesabu kori.

Xeon hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya seva. Mwendo wake wa msingi ni GHz 2.4, na ikijikaza inafika 3.3. Haina grafiksi ya ndani, kwa hiyo haina Quick Sync, ile sehemu ya prosesa za Intel ambayo kazi yake ni kufungua na kufunga video tu, zikiwemo za H.264 na H.265, njia mbili za kubana video zinazotumiwa na kamera nyingi. Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Faili la H.265 halihifadhi kila fremu nzima nzima. Linahifadhi fremu kamili moja moja, na katikati yake linaweka mabadiliko tu. Ukiruka katikati ya klipu kwenye taimlaini, mashine inabidi irudi hadi fremu kamili iliyo karibu, ianze kujenga kutoka hapo hadi uliposimama. Ndiyo maana video inacheza vizuri kwenye VLC lakini inagandaganda ukiikata kwenye programu ya kuhariri kama Premiere. Quick Sync inafanya kazi hiyo kwenye saketi yake yenyewe, na kori zinabaki huru kwa rangi, maandishi na sauti.

Kwa After Effects, programu ya moshen grafiksi, hali ni mbaya zaidi. Tangu toleo la 22 la mwaka 2021 programu hiyo inaweza kurenda, yaani kutengeneza picha za mwisho, fremu kadhaa kwa pamoja, na kori nyingi zinasaidia kiasi. Lakini kila fremu inayorendwa inadai RAM yake, na unapovuta leya au kurekebisha ekspresheni, unachosubiri ni kasi ya kori moja. Hapo i7-8700 inayofika GHz 4.6 inaipita Xeon ya 3.3 bila ubishi.

Sasa, ununue prosesa ya kizazi gani, yaani ile namba inayoanza baada ya kistari (i7-8700 ni kizazi cha 8, i5-11400 ni cha 11)? Pakua MediaInfo, programu ya bure ya kusoma undani wa faili la video, ufungue klipu moja iliyotoka kwenye kamera yako. Soma mistari minne: Format (njia ya kubana), Bit depth (wingi wa viwango vya rangi), Chroma subsampling (kiasi cha rangi kinachohifadhiwa; 4:2:2 ina nyingi kuliko 4:2:0) na Frame rate mode (kama idadi ya fremu kwa sekunde haibadiliki). Hiyo ndiyo itakayokuchagulia prosesa.

Ikiwa faili ni H.264 ya biti 8 na 4:2:0, kama za Sony A7 III, Intel yoyote yenye grafiksi ya ndani inatosha. Hata hivyo anzia kizazi cha 8, kwa sababu Windows 11 inaanzia hapo na Microsoft ilimaliza msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. H.265 ya biti 10 yenye 4:2:0, zikiwemo video za HDR za iPhone, inafunguliwa kuanzia kizazi cha 7, kwa hiyo cha 8 nacho kinafaa. Shida inaanza kwenye 4:2:2 ya biti 10. Sony A7 IV, FX30 na Canon R6 zote zinaweza kurekodi hivyo. Kwa upande wa kompyuta za mezani, Intel inaifungua H.265 ya namna hiyo kuanzia kizazi cha 11, na kadi za grafiksi za Nvidia zilizotangulia RTX 50 haziifungui kabisa. Mtu wa namna hii atafute i5-11400 au i5-12400. Awe mwangalifu na herufi ya mwisho: i5-12400F haina grafiksi ya ndani, na mara nyingi ndiyo inayosukumwa dukani kwa kuwa ni rahisi kidogo.

Kuna jambo ambalo hata wazoefu linawapita. XAVC S, mojawapo ya aina za faili za kamera za Sony, ikiwa 4:2:2 ya biti 10 ni H.264, na hiyo hata i5-12400 haikusaidii. Rekodi kwa XAVC HS, ambayo ni H.265, au kubali kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za klipu za kuhariria.

Nikisema bajeti ndogo nina maana ya kompyuta zilizotoka maofisini, zile zinazojaa Kariakoo ya Dar na Luthuli Avenue ya Nairobi: Dell OptiPlex 7060, HP EliteDesk 800 G4, Lenovo ThinkCentre M920t. Ukibahatika upate HP Z2 G4 au Dell Precision 3630, zilizotengenezwa kwa kazi nzito kuliko za mhasibu. Chukua tawa, ile kubwa inayosimama. Ile nyembamba inayolazwa inapokea kadi za kimo kifupi tu, na ile ndogo ya kiganjani kwa kawaida haina sloti ya kadi. Muuzaji atakwambia zote ni "i7 moja", na kwa prosesa hakosei. Wewe unanunua nafasi ya kuongeza vitu.

Kisha mwambie afungue ubavu wa mashine, usome lebo ya pawa saplai. Tawa ya OptiPlex 7060 kwa kawaida ina wati 260 na haina waya wa pini 6 wa kulisha kadi ya grafiksi. Usifikiri utaibadilisha kwa pawa saplai yoyote ya dukani, kwa sababu plagi za Dell na HP kwenye bodi siyo zile za kawaida za pini 24. Mafundi wengi hapo wanatoa suluhisho la waya wa kugeuza, kutoka plagi ya umeme ya diski ya SATA kwenda pini 6 za kadi. Kataa. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Kadi ina haki ya kuvuta wati 75 kupitia pini 6. Plastiki inalainika, pini zinaungua, na harufu utaisikia usiku wa manane ukiwa unarenda kazi ya mteja.

Kwa hiyo kadi iwe ile inayokula umeme wa sloti peke yake, yaani wati 75 kushuka chini. GTX 1650 ya GB 4 inafaa kwa kazi za HD, ila tafuta toleo lisilo na tundu la umeme juu yake. RTX 3050 ya GB 6 inatumia wati 70 na ndiyo ningeipendekeza kwanza. RTX A2000 nayo ni wati 70 na ni bora zaidi, ukiikuta kwa bei ya kueleweka. Anayetumia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri na kusahihisha rangi, asidharau kumbukumbu ya kadi: mradi wa 4K wenye nodi kadhaa (hatua za rangi) na Fusion, sehemu yake ya efekti, juu yake utaijaza GB 4 mapema, na Resolve itakataa kuendelea. Intel Arc A380 inavutia kwa uwezo wake wa video, lakini inahitaji Resizable BAR (uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja), kitu ambacho bodi za kiofisi za kizazi cha 8 kwa kawaida hazina. Iweke kwenye mashine mpya zaidi.

Kadi feki zipo, na zina sura nzuri. Kinachofanyika ni kuchukua chipu ya zamani kama GTS 450 au GTX 550 Ti, kubadilisha BIOS yake (programu ndogo iliyo ndani ya kadi), kisha kuibandika jina la GTX 1050 Ti. Washa GPU-Z, programu ya kusoma kadi, hapo hapo dukani. Ikiitambua itaandika FAKE mbele ya jina. Hata kabla ya kuwasha, tazama matundu ya nyuma. Familia ya GTX 10 haitoi mawimbi ya VGA, kwa hiyo 1050 Ti yenye tundu la bluu la VGA irudishe mezani.

RAM ihesabu mwenyewe, usiambiwe na mtu. Fremu moja ya 1920 × 1080 kwenye After Effects, biti 8, ina baiti nne kwa kila pikseli: takriban MB 8.3. Kwa fremu 25 kwa sekunde ni MB 207. Sekunde 10 ni GB 2, na ukibadilisha mradi kuwa biti 16 zinakuwa 4. Logo ya sekunde 30 kwa biti 16 inataka zaidi ya GB 12 ili uitazame mfululizo, kabla Windows na Chrome hazijachukua chao. Ndiyo maana GB 16 inakufanya usubiri mstari wa kijani, ule unaoonyesha fremu zilizo tayari, siku nzima. Weka GB 32, vipande viwili vya 16, kwa kuwa viwili vinafanya kazi kwa njia mbili na grafiksi ya ndani inategemea sana kasi hiyo. Bei za RAM zimepanda tangu mwishoni mwa 2025, hivyo mashine inayokuja na GB 32 ndani ni afadhali kuliko ya GB 8 utakayoongeza baadaye.

Diski: NVMe (SSD ya kasi inayochomekwa kwenye bodi) ya GB 500 kwa Windows, programu na mradi unaoendelea. SSD ya SATA kwa mafaili ya muda, inatosha kabisa kwa mwendo wake wa MB 500 na ushee kwa sekunde. Diski ya kuzunguka ni ya kuhifadhi kazi zilizokwisha, usiharirie humo. Diski ya mtumba ifungulie CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, usome saa ilizofanya kazi na mstari wa Reallocated Sectors (sehemu zilizoharibika). Namba yoyote iliyozidi sifuri hapo, iache.

Ukishafunga kadi, kuna hatua inayosahaulika kuliko zote. Bodi nyingi za ofisi zinazima grafiksi ya ndani mara tu zinapoiona kadi, na Quick Sync uliyoinunua inalala. Ingia BIOS, mipangilio ya bodi unayoifungua mashine inapowaka. Kwenye Dell nenda Video, uwashe Multi-Display. Kwenye HP tafuta kipengele cha grafiksi ya ndani ukiwashe. Rudi Windows, fungua Device Manager, hakikisha majina mawili yanaonekana chini ya Display adapters. Kisha kwenye Premiere nenda Preferences, Media, uweke tiki kwenye Intel sehemu ya hardware decoding, na kwenye Project Settings uchague Mercury yenye CUDA, inayoitumia kadi ya Nvidia. Watu wanaobadilisha mashine nzima kumbe tatizo lilikuwa tiki moja ni wengi mno, na inauma kuona fedha inapotea hivyo.

Kabla ya kulipa, iendeshe Cinebench R23, kipimo cha kuichosha prosesa, kwa dakika 10 huku HWiNFO, inayoonyesha mwendo na joto, ikiwa wazi. Kwa i7-8700, ukiona mwendo umeshuka chini ya GHz 3.2 na joto linagonga nyuzi 100, pesti juu ya prosesa imekauka au hitsinki (chuma cha kuipoza) imejaa vumbi. Hilo linatibika kwa gharama ndogo, lipunguze kwenye bei. Ukiwa Dar, Tanga au Mombasa chungulia pia kutu kwenye skrubu na matundu ya nyuma. Chumvi ya bahari inakula bodi kimya kimya.

UPS ya VA 650 inatoa takriban wati 360. Mashine hii na skrini yake haitafika hapo, lakini betri ni ya kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima, siyo ya kumalizia kurenda.

Wenye mafaili mazito kuliko mashine watumie proksi bila aibu: ProRes Proxy ya 1080 kwa fremu 25 inachukua takriban GB 17 kwa saa, na i5 ya kizazi cha 8 inaikata kama siagi. Wanaopokea klipu za simu waangalie Frame rate mode. Ikisema Variable, yaani idadi ya fremu kwa sekunde inabadilikabadilika, zipitishe kwanza HandBrake, programu ya kugeuza video, kwa Constant Framerate, la sivyo sauti itaachana na midomo kadiri klipu inavyoendelea.

Fedha isipotosha kwa mara moja, anza na tawa yenye prosesa sahihi na RAM GB 32. Grafiksi ya ndani itahariri HD na kurenda H.264 wakati unajikusanya. Inayofuata ni SSD ya pili. Kadi iwe ya mwisho, isipokuwa kwa mtu wa Resolve: huyo atangulize kadi, maana Resolve karibu kila kitu inakipeleka huko.