Maswali yenu: Kugawana zawadi mezani

Shikamoo mzee. Nilikesha nikitazama fainali ya poka kwenye runinga. Walipobaki wawili wakasimamisha mchezo, akaitwa ofisa na kikokotoo chake, wakagawana hela, halafu wakaendelea kucheza. Nilijiona nimepoteza usingizi bure. Huu si utapeli? (Msomaji, Igoma)

Marahaba mwanangu. Pole kwa usingizi, lakini utapeli haukuwepo. Wamefanya mbele ya macho yako, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Tuanze na hela yenyewe. Katika mashindano ya poka kila mchezaji hulipa kiingilio, na viingilio hivyo ndivyo kwa kawaida hugeuka zawadi. Sasa chukulia wa kwanza anapata 1,000,000 na wa pili 600,000. Wakishabaki wawili, kila mmoja ana 600,000 zake tayari. Kinachogombewa ni zile 400,000 zilizobaki. Mwenye robo tatu ya chipu, vile vidude vya kuchezea vinavyoonyesha nani anaongoza, akichukua robo tatu ya hizo, anaondoka na 900,000, na mwenzake 700,000. Ofisa alikuwa anapiga hesabu ya namna hiyo. Wanaitaka kwa sababu madau hupandishwa kila baada ya muda, mpaka mwishoni karata moja inaweza kumtoa mtu aliyecheza kwa akili siku nzima.

Kwenye European Poker Tour, mfululizo wa mashindano ya poka ya Ulaya, mapatano haya yanaruhusiwa, maofisa wenyewe husimamia hesabu, na kuna kiasi kinachoachwa kando kwa ajili ya mshindi. Kwa hiyo ulichoendelea kutazama kilikuwa mchezo wa kweli.

Nenda Mwaloni Kirumba alfajiri, mitumbwi ya dagaa ikirudi. Yanatolewa mafuta, kinatolewa chakula, kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri na wavuvi. Kama mgawo ulisemwa kabla taa hazijawashwa ziwani, hakuna anayepandisha sauti, hata aliyepata kidogo. Ugomvi unakuja siku tajiri anaposikia kwamba ndoo mbili ziliuzwa hukohuko majini kabla ya kufika nchi kavu. Wachezaji wakipatana chumbani, halafu wakaja kutuigizia jasho mbele ya kamera, hizo ndizo ndoo zenyewe. Hapo nitakuwa upande wako.

Kijiweni tulichangishana 5,000 watu kumi na sita, tukacheza drafti. Wa kwanza 60,000, wa pili 20,000. Fainali ilikuwa mimi na rafiki yangu. Tukapatana pembeni kila mtu 40,000, tukacheza, akaniachia nikashinda. Sasa watu wamenuna, wanasema tumewauza. Hela si ilikuwa yetu? (Kijana wa Mabatini)

Hela ilikuwa yenu. Fainali haikuwa yenu peke yenu, na hapo ndipo mlipokosea wote wawili.

Umeniandikia mwenyewe kwamba alikuwa na kingi mbili, wewe huna hata moja, akasogeza kete katikati ukala tatu mfululizo. Watu waliosimama nyuma yenu wameshika vizibo vya soda tangu utotoni. Walijua palepale. Kati yao wamo kumi na wanne waliotoa 5,000 zao na kutolewa kihalali, na kila mmoja alitaka kujua bingwa wa kijiwe ni nani. Mpaka leo hawajui. Jina hilo hamkuwa na ruhusa ya kupeana.

Kugawana hela ni jambo moja, kupanga matokeo ni jingine, na hata wakubwa wanajikwaa hapo. Juni 2025 huko Las Vegas, katika WSOP (World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka), kwenye shindano liitwalo Millionaire Maker, walibaki wawili. Mmoja alikuwa ameahidiwa dola 1,000,000 za ziada na waandaaji wengine endapo angeshinda. Alikuwa nyuma sana kwa chipu, kisha akaanza kupanda, na watazamaji wakaona mwenzake akitupa karata ambazo hazitupwi. Waandaaji wa WSOP wakachunguza. Wakaamua hakuna bingwa, bangili ya dhahabu, ambayo ndiyo alama ya ubingwa, haikutolewa kwa yeyote, na hela iliyobaki wakagawiwa wote wawili. Angalia walichonyimwa: hela walipewa, ubingwa walikosa.

Ushauri wangu: rudini kijiweni jioni, watu wakiwa wengi, semeni mlichofanya. Kila mtu abaki na 40,000 yake kama kijiwe kitakubali, halafu mcheze upya, mbele yao, mpaka mmoja afungwe kweli. Itawauma dakika kumi. Mkikaa kimya, kila utakapokaa kwenye ubao mtu atakuangalia mikono.

Mwenzangu akiomba tugawane nikakataa, ni uchoyo? (Dada wa Nyakato)

Hapana dada. Mwaka 2003, shindano kuu la WSOP lilikuwa na washiriki 839. Wakabaki Chris Moneymaker, mhasibu asiyejulikana, na Sam Farha, mchezaji mzoefu. Moneymaker akapendekeza wagawane. Farha akakataa. Wa kwanza alikuwa anapata dola 2,500,000 na wa pili 1,300,000. Farha akafungwa. Alipoteza hela nyingi, lakini haki yake ya kukataa ilibaki palepale. Ninachokichukia ni wanne kumzunguka wa tano hadi akubali kwa aibu. "Sitaki" inatosha, bila maelezo.

Poka ni kamari, na kamari ni haramu. Kwa nini unaijadili? (Baba, Nyegezi)

Naheshimu imani yako mzee wangu, na simwiti mtu mezani. Vijana wetu wanaitazama usiku kwenye simu, na waliouliza wameuliza habari ya uaminifu. Siwezi kuwanyima jibu.

Pale Bujora kwenye Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, vikundi vya Bagika na Bagalu vinashindana kila mwaka mpaka watu wanagombana. Kwa nini wasigawane ushindi kama wale warukaji wa Olimpiki? (Mwalimu, Kisesa)

Swali zuri mwalimu. Mutaz Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia, Tokyo, 1 Agosti 2021, waliruka juu mita 2.37 wote, wakashindwa mita 2.39 mara tatu tatu. Kanuni iliwaruhusu kugawana dhahabu, wakaomba hadharani. Mimi nilifurahi nao, maana walikuwa wamemaliza nguvu zote. Sikufurahi Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi walipogawana ubingwa wa dunia wa blitz, chesi ya dakika chache, kule New York mwishoni mwa 2024. Kanuni haikuwa na kifungu hicho, na bado walikuwa na uwezo wa kuendelea.

Bujora ni kugumu zaidi. Pale mshindi ni upande uliowavuta watu, na watu huhama kwa miguu yao, ngoma ikikolea huku wanakimbilia huku, nyoka akitolewa kule wanarudi kule. Viongozi wa vikundi wakipatana usiku, asubuhi umati utahama vilevile, na kila mwenye macho ataona umesimama wapi. Zawadi wagawane wakitaka. Ushindi haumo mikononi mwao.