Nilitembea kwa miguu kuiona dhahabu ya Kilwa

Swali la wiki hii linauliza: ukipewa siku moja tu ya kuutembea mji wa Ulaya kwa miguu, utachagua mji gani, na utaanzia wapi?

Mimi nachagua Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na naanzia Alfama kabla jua halijapanda. Nalisema hili kwa kuwa nimeshalifanya. Ilikuwa Juni, narudi nyumbani kutoka kwenye mafunzo ya walimu, na ndege yangu ya kuunganisha ikawa ya kesho yake. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa na nafundisha historia sekondari. Kila mwaka nawaeleza vijana jinsi Vasco da Gama alivyotia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani mwaka 1502, akamtishia Amiri Ibrahim kwamba atauchoma mji, kisha akaondoka na dhahabu ya kodi. Na kila mwaka hakosi mmoja wa kunyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo dhahabu sasa iko wapi?"

Swali hilo ndilo lililonipangia siku. Nilikuwa nimesoma kwamba dhahabu hiyo ipo, na kwamba ipo Lisbon.

Alfama ni mtaa wa kale ulioshikilia kilima chini ya ngome ya São Jorge. Jina lake ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji ya moto. Anayelijua neno hamamu hatapata taabu kulisikia humo. Waislamu waliutawala mji huu tangu karne ya 8 hadi mwaka 1147, Mfalme Afonso Henriques alipouteka akisaidiwa na wapiganaji wa Msalaba. Vichochoro vimebaki vile vile: vinajikunja, vinapanda ngazi, vinakufikisha uani kwa mtu, vinakurudisha ulikotoka. Ramani ya simu hapo haina kazi. Sikukuu ya Mtakatifu Antonio ilikuwa imepita siku chache tu, karatasi za rangi bado zinaning'inia kati ya nyumba na nyumba, na kuta bado zinanuka moshi wa mkaa wa samaki wa usiku. Bibi mmoja alifungua dirisha juu yangu akaanza kuanika nguo. Nikamwamkia kwa kichwa, naye akaniitikia hivyo hivyo.

Panda hadi Portas do Sol, usimame kwenye ukuta. Chini yako ni Tejo, mto ambao hapo umetanuka hata mgeni akadhani ni bahari. Mimi mtu wa pwani nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Neno moja kuhusu viatu. Njia za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa na vya basalti, vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mkono kimoja kimoja. Miguu ya watu imevisugua mpaka vinang'aa kama sahani. Vaa soli inayong'ata, hasa kwenye mteremko. Niliteleza mara mbili kabla sijafika bondeni.

Bondeni ndipo Baixa, na hapo mji unabadilika ghafla. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka, mto ukapanda nchi kavu, na moto ukawaka siku kadhaa. Bonde lote liliangamia. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, alilijenga upya kwa barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari, na ndani ya kuta za nyumba yakawekwa mafremu ya mbao ili zihimili tetemeko lingine. Barabara nyingi zilipewa majina ya kazi zake: ya dhahabu, ya fedha, ya wauza vitambaa. Nikasoma kibao cha nyingine: Rua dos Sapateiros. Washona viatu. Nikamkumbuka marehemu bibi yangu, aliyekuwa haendi msikitini bila sapatu zake.

Kuanzia hapo sikuweza tena kuacha kusoma vibao. Mesa ni meza. Bandeira ni bendera. Lenço, kwenye kioo cha duka la vitambaa, ni leso. Kwenye kimkahawa nilikonunua chamuça (ni sambusa, hata kwa umbo), nilionyesha kidole kwenye maji nikasema "kopo", na dada wa kaunta akaniletea bila kuniuliza mara ya pili. Niliona uchungu na furaha kwa pamoja. Wareno walitukaa pwani kama miaka 200, tukawatoa, na tulichobakiza ni vitu vya mezani na vya mwilini.

Lakini kuna neno moja lililonisimamisha. Juu ya Baixa wameliacha kanisa la Carmo lilivyobaki baada ya tetemeko, nguzo na matao bila paa, mbingu ndani. Kanisa kwa Kireno ni igreja, na wanaofuatilia asili ya maneno wanasema gereza letu limetoka humo. Mtu wa Kilwa hahitaji kuelezwa sana. Ngome iliyoko ufukweni Kisiwani tunaiita Gereza mpaka leo. Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, walipoushika mji; hii inayoonekana sasa ni ya Waomani waliokuja baadaye. Wazee wetu waliwaona wageni wakiingia ndani ya kuta nene wakiliita jumba lao igreja, na neno likabaki na kuta, sala ikaondoka. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunacheza kwenye kivuli cha ukuta ule. Sikuwahi kujiuliza neno lilitoka wapi mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Kutoka uwanja wa Praça do Comércio shika kando ya mto kuelekea magharibi. Baada ya kilomita mbili hivi panda kidogo hadi Rua das Janelas Verdes, mtaa wa Madirisha ya Kijani, lilipo jumba la makumbusho ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga. Usiiweke safari hii Jumatatu, maana siku hiyo makumbusho hufungwa.

Nilipita michoro ya watakatifu bila kutua. Nilichokifuata kinaitwa Custódia de Belém: chombo cha kanisani cha kuonyeshea hostia, mkate mtakatifu wa ibada, kimo chake sentimita 73, dhahabu iliyofumwa kama lesi. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka kioo cha katikati, kila mmoja na uso wake, nguo zao zimepakwa rangi ya kioo kilichoyeyushwa. Kazi hiyo inahesabiwa kuwa ya mkono wa sonara Gil Vicente. Ni kitu kizuri mno. Nataka niliseme hilo waziwazi, kwa sababu nilikwenda nimejiandaa kukichukia, na mbele yake sikuweza.

Kisha niliinama nikasoma maandishi ya kwenye kitako. Yanasema kwamba mfalme Dom Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Jina limeandikwa QILVA. Herufi tano, kwenye dhahabu yetu.

Nasema yetu, ingawa najua haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe, ikabebwa hadi bandari ya Sofala, ikapanda majahazi kuja kwetu. Kwa miaka mingi Kilwa ndiyo iliyoishika biashara hiyo. Biashara hiyo ndiyo iliyojenga jumba la kifalme la Husuni Kubwa na ule msikiti mkuu wenye makuba. Msafiri Ibn Battuta aliufikia mji wetu mwaka 1331 akausifu. Dhahabu hiyo ilipita mikononi mwa wachimbaji, wapagazi, manahodha na wafanyabiashara ambao hakuna kitako kilichoandikwa majina yao. Nilisimama pale kama nusu saa. Watalii walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Mlinzi mwishoni alinisogelea akaniuliza kwa Kiingereza kama niko salama. Nikamwambia natoka Kilwa, nikamwonyesha neno. Akainama akalisoma, akaniangalia, akarudi mahali pake taratibu, na hakunihimiza tena.

Nyuma ya jumba kuna bustani inayotazama mto. Keti, kunywa maji, vua viatu kidogo. Mbele yako bado kuna kilomita nne za kando ya Tejo, jua usoni, na daraja jekundu la 25 de Abril likivuma juu kama mzinga wa nyuki magari yanapopita.

Mtaa wa Belém nitaupitia haraka, ingawa wengi huko ndiko wanakoanzia. Mnara wake nimeutazama kwa nje tu, foleni ilikuwa ndefu. Niliingia kanisa la watawa wa Jerónimos, lililojengwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa biashara ya Afrika na Asia. Kile chombo cha dhahabu kilitengenezwa kwa ajili ya kanisa hili. Vasco da Gama amelazwa karibu na mlango, sanamu yake juu ya kaburi imekutanisha viganja kama mtu anayeomba. Nilimtazama, nikatoka. Siku hiyo nilikuwa nimeshaona nilichokifuata, na miguu ilikuwa imeanza kuuma. Nilirudi mjini kwa treni, na saa mbili usiku jua lilikuwa bado halijazama.

Picha ya kile kitako nimeibandika darasani. Nilipowauliza vijana wasome kilichoandikwa, walihangaika na Kireno mpaka binti mmoja wa kiti cha mbele akakamata zile herufi tano, akapiga kelele: "Ni sisi!" Darasa likalipuka. Walipotulia, kijana wa nyuma ambaye kwa kawaida hasemi kitu aliuliza kwa nini waliotwaa dhahabu hawakulificha jina la mji waliouchukulia.

Nilimjibu kwamba mwaka 1506 pale Lisbon hapakuwa na aliyeona cha kuficha. Akaandika jibu hilo kwenye daftari, akalipigia mstari.