Barua kwa mwanangu: Uripoti au unyamaze?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: msimamizi wako anakutolea maneno machafu na kukuruka kwenye nafasi za kupanda cheo kwa sababu wewe ni mwanamke, je, uripoti, au unyamaze hadi upate kazi nyingine? Uamuzi huo unaweza kusubiri kidogo. Kuandika yanayokutokea hakusubiri, anza leo.

Wala usijilaumu kwa kusita. Utafiti wa Shirika la Kazi Duniani uliotolewa 2022, uliogusa nchi 121, ulikuta zaidi ya mtu mmoja kati ya watano walioajiriwa amewahi kukumbana na ukatili au unyanyasaji kazini. Karibu nusu yao hawakumwambia mtu yeyote, hata rafiki. Wengi waliona ni kupoteza muda, au walihofia kuchafuliwa jina. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana nataka uende umejiandaa.

Tafuta daftari lililoshonwa, si karatasi za kuchomoa. Siku hiyohiyo ya tukio andika tarehe, saa, mahali, waliokuwepo na maneno yenyewe. “Alinidhalilisha” hakumsaidii mchunguzi. “Saa 4 asubuhi, kwenye kikao, mbele ya watu watatu, alisema: ‘Kazi hii haiwezwi na mwanamke’” kunamsaidia. Ukikumbuka jambo baadaye usifute ya awali. Ongeza chini, uweke tarehe ya siku unayoongeza. Daftari likae nyumbani. Ukihifadhi ushahidi kwenye kompyuta ya mwajiri, siku akaunti ikifungwa umeupoteza. Ujumbe wa simu upige picha ya skrini inayoonyesha jina, namba na tarehe, na ujumbe wenyewe uache palepale. Nyaraka za siri za kampuni usiziguse, usije ukageuziwa kibao.

Barua ya malalamiko ikiwa ukurasa mmoja inatosha: matukio kwa mfuatano wa tarehe, mashahidi, kisha unachotaka kifanyike. Hili la mwisho wengi hulisahau, na uongozi huishia kuwaita wote wawili “mpatane”. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Malalamiko ya mdomo hukanwa kirahisi mno.

Uliza mapema, kwa chama cha wafanyakazi au mwanasheria, ukomo wa muda wa kupeleka shauri nje ya kampuni. Mara nyingi siku zinaendelea kuhesabika wakati wewe unasubiri majibu ya ndani, na kesi nzuri hufia hapo.

Baada ya kuripoti, daftari lisifungwe. Zamu ikibadilishwa ghafla, au tathmini yako iliyokuwa nzuri ikashuka, andika. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, unataka nchi zilizouridhia ziwalinde walalamikaji na mashahidi dhidi ya kulipiziwa kisasi, na kisasi chenyewe kinaweza kuwa lalamiko la pili.

Ukitaka kuondoka, ondoka, si kushindwa. Ila usisaini hati yoyote ya kuachana na kazi siku wanayokupa. Omba muda, uniletee tuisome pamoja.

Mama yako