Dawa za presha zikikuishia Ujerumani

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania tulioko Ujerumani kuna ujumbe usioisha: "Jamani, kuna mtu anakuja kutoka Dar wiki hii? Dawa za mama zinakaribia kuisha." Mimi mwenyewe nameza amlodipine, dawa ya presha, kila asubuhi, kwa hiyo ujumbe huo naujibu kwa simu, siyo kwa maandishi, maana ni habari ndefu.

Kwanza, achana na wazo la kutumiwa dawa kwa posta. Kifurushi cha dawa kinachotumwa kwa mtu binafsi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hakiruhusiwi, hata kama cheti cha daktari unacho. Forodha wakikikuta wanakizuia. Kinachoruhusiwa ni dawa zako mwenyewe kwenye begi lako unaposafiri, kiasi cha matumizi ya miezi mitatu hivi. Hiyo miezi mitatu ndiyo muda wako wa kujipanga, na inakwenda mbio kuliko unavyodhani.

Ukishapata tu kadi ya bima, tafuta Hausarzt, yaani daktari wako wa kudumu wa karibu na nyumbani. Usingoje mpaka uumwe. Kliniki nyingi zitakwambia hazipokei wagonjwa wapya, kwa hiyo utapiga simu sehemu kadhaa kabla hujapata. Siku ya kwanza nenda na boksi la dawa unayotumia, siyo vidonge vilivyofungwa kwenye bahasha ya kaki. Daktari anataka kuona jina la dawa yenyewe na miligramu zake. Jina la kibiashara la kule Kariakoo halitamsaidia, lakini amlodipine, losartan na metformin anazijua vizuri. Na usitegemee kwamba atanakili tu alichoandika mwenzake wa Tanzania. Atakupima presha, atakutoa damu, pengine atakurudisha wiki inayofuata. Ndiyo maana nasema uende ukiwa bado na dawa za mwezi mzima.

Wageni wengi wakitoka kwa daktari hushangaa kwamba hawakupewa karatasi. Tangu Januari 2024, kwa wenye bima ya umma, cheti cha dawa kinatumwa kwa mtandao. Unaingia Apotheke, yaani duka la dawa, yoyote yenye alama ya A nyekundu, unachomeka kadi ya bima kwenye kidude kilicho kaunta, mfamasia anaona kila kitu kwenye kompyuta. Kwa kawaida una siku 28 za kuichukua dawa ili bima ilipe. Mwenye bima binafsi analipa mwenyewe kwanza, halafu anapeleka risiti arudishiwe.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa watu wanaumia bure. Mwenye bima ya umma huchangia asilimia 10 ya bei ya kila boksi, lakini isipungue euro 5 wala kuzidi euro 10. Watoto chini ya miaka 18 hawachangii. Piga hesabu: dawa ya bei nafuu kama ya presha, boksi dogo unachangia euro 5, na boksi la vidonge 100 mara nyingi ni euro 5 hizo hizo. Basi ukishaizoea dawa, mwombe daktari akuandikie boksi kubwa. Tunza risiti zote. Michango yako ya mwaka ikifika asilimia 2 ya mapato ya kaya, au asilimia 1 kwa mwenye ugonjwa sugu aliyethibitishwa na daktari, unaomba bima wakusamehe kwa miezi iliyobaki. Presha na kisukari vinaweza kuingia humo. Hakuna atakayekufuata kukwambia, unaomba mwenyewe.

Siku moja utapewa boksi la rangi nyingine kabisa na kidonge kisichofanana na cha mwezi uliopita. Usiogope, na usimeze vyote viwili! Kila bima ina mikataba na viwanda, na mfamasia anatakiwa kutoa dawa ya kiwanda chenye mkataba. Soma jina dogo lililo chini ya jina kubwa na miligramu. Vikilingana, dawa ni ileile. Mwombe pia akuandikie kipimo juu ya boksi. Huku hawaandiki 1x2 kama kwetu. Wanaandika 1-0-1: kimoja asubuhi, mchana hakuna, kimoja jioni. Shangazi mmoja niliyemsindikiza aliitazama ile namba akadhani ni bei.

Dawa isipokuwepo, usianze kuzunguka mji. Mfamasia anaiagiza kwa msambazaji, na mara nyingi inafika siku hiyohiyo au kesho yake. Usiku na Jumapili kuna Apotheke ya zamu. Jina lake limebandikwa kwenye mlango wa Apotheke yoyote iliyofungwa. Unabonyeza kengele na kuhudumiwa kwenye kidirisha, kwa nyongeza ya euro 2.50.

Supamaketi hawauzi hata Panadol. Ulizia paracetamol Apotheke, na bila cheti utapata boksi la vidonge 20 tu vya miligramu 500. Ibuprofen ya 400 unauziwa, ya 600 mpaka daktari aandike. Ile tabia ya kuingia duka la dawa na kusema "nipe amoksilini za mia tano" huku haipo, na kubembeleza hakusaidii. Mafua ya kawaida daktari atakwambia unywe chai na ulale. Wengi hukasirika kwamba wamedharauliwa. Mimi naona yuko sahihi mara nyingi.

Isipokuwa kitu kimoja. Ukirudi kutoka likizo nyumbani ukashikwa na homa, hata baada ya wiki kadhaa, usikubali jibu la chai. Daktari wa hapa anaweza kukaa muda mrefu bila kumwona mgonjwa wa malaria, na baadhi ya kliniki hazina kipimo chake. Mwambie kabla hajauliza kwamba ulikuwa Tanzania, na kwamba unataka damu ipimwe malaria leo. Ikiwa ni jioni au Jumapili, nenda hospitali moja kwa moja, na ikiwezekana ile yenye kitengo cha magonjwa ya kitropiki.