Gemu la matofali, kwa macho ya fundi cherehani

Mhariri, salaam kutoka Tanga. Wiki hii mmetuuliza: katika michezo yote ya kielektroniki, ni upi ungependa mwanao aujue, na kwa nini? Najua wengi watawatajia mpira wa kwenye televisheni na mbio za magari. Mimi nachagua Tetris, ambayo sisi hapa nyumbani Ngamiani tunaiita gemu la matofali. Mimi ni fundi cherehani, na sababu yangu kubwa naitoa kwenye meza ya kukatia.

Asiyeujua mchezo wenyewe hahitaji maelezo marefu. Vipande vinashuka kutoka juu kimoja baada ya kingine, kila kimoja kina miraba minne. Unakisogeza, unakizungusha, kinatua. Mstari ukijaa kutoka ukingo hadi ukingo unafutika. Vikirundikana hadi juu, basi tena. Uwanja wa kawaida una miraba 10 kwa upana na 20 kwenda juu, na maumbo yote ni 7. Hakuna cha kusoma wala lugha ya kujua.

Sasa njoo mezani kwangu. Kitambaa chenye uso na mgongo hakina mchezo: mkono wa kulia ni wa kulia, na ukilaza ruwaza, ile karatasi ya umbo tunayokatia, kinyume umeshakata mikono miwili ya kushoto, mteja yuko njiani. Unaruhusiwa kuizungusha ruwaza, lakini si kuipindua. Gemu la matofali lina sheria hiyo hiyo. Umbo la S utalizungusha mpaka uchoke, halitageuka Z. Binti yangu alipoanza alikuwa anabonyeza kile kitufe kikubwa cha kuzungushia, anabonyeza tena, akitegemea lipinduke, huku linashuka. Nilimwacha. Siku chache baadaye nikamwona macho yake hayako tena kwenye kipande kinachoshuka. Yako chini, kwenye mapengo. Anatafuta pengo kwanza, kisha ndiyo anaangalia kilichokuja kinafaa wapi. Mwanafunzi wangu wa ushonaji huchukua muda mrefu sana kufika hapo.

Kuna jambo jingine ambalo lilinifanya niupende zaidi. Nilichora yale maumbo 7 kwenye karatasi ya kaki, nikayakata, nikampa binti yangu ayapange yawe mstatili mmoja usio na tundu. Jumla ni miraba 28, kwa hiyo mtu unasema 4 kwa 7 itatoka tu. Haitoki. Na sababu yake inaonekana kwa macho ukipaka miraba rangi mbili kama ubao wa drafti. Maumbo sita, kila moja linafunika nyeusi mbili na nyeupe mbili, ulilaze utakavyo. Lakini T hufunika tatu za rangi moja na moja ya nyingine. Ukijumlisha yote unapata 15 kwa 13, wakati mstatili unataka 14 kwa 14. Mtoto wa darasa la tano alielewa hilo akiwa amekaa sakafuni na chaki yangu ya kushonea mkononi. Ni hesabu halisi hiyo, na hakuna aliyemlazimisha.

Aliyeutunga ni Alexey Pajitnov, mwaka 1984, akiwa mtaalamu wa kompyuta katika Akademia ya Sayansi ya Kisovyeti mjini Moscow. Mashine yake, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha, hivyo matofali ya kwanza aliyaunda kwa alama za mabano, zile zile za kuandikia. Baadaye kijana wa shule, Vadim Gerasimov, alikuwa miongoni mwa waliousogeza kwenye kompyuta za IBM na kuutia rangi. Mwaka 1989 ukaingia kwenye Game Boy, mashine ndogo ya michezo ya kampuni ya Nintendo ya Japani, ukaenea dunia nzima. Mtungaji mwenyewe alianza kupata mgawo wake mwaka 1996. Hili linaniuma, kwa sababu nami naishi kwa kazi ya mikono yangu.

Huku kwetu wengi tuliujulia kwenye vile vidude vya plastiki vya betri mbili ndogo, kioo cha kijivu kisicho na taa, ambacho usiku hukioni mpaka usogee kwenye mwanga. Bado nakisifu kidude kile. Hakiombi bando, hakikatizi mchezo kwa matangazo, hakimwambii mtoto alipie ili aendelee. Michezo mingi ya simu siku hizi imejengwa kumnyang'anya mtoto subira na kumnyang'anya mzazi salio, na sioni kwa nini tuiite burudani.

Mtu ataniambia mchezo usioshindika unamkatisha mtoto tamaa. Ni kweli hauna ushindi. Wanahisabati wamethibitisha kwamba kwenye uwanja wa upana wa 10, S na Z zikija kwa kupokezana bila kukoma, hata mchezaji hodari vipi lazima aanguke. Lakini tarehe 21 Desemba 2023, Willis Gibson, mvulana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, aliuchezea ule wa Nintendo wa zamani hadi hatua ya 157, programu yenyewe ikakwama. Kabla yake hakuna binadamu aliyewahi kuufikisha hapo.

Mzazi atakayejaribu, amfundishe mtoto mapema kuacha safu moja ya pembeni wazi kwa ajili ya kipande kirefu, tunachokiita fimbo. Katika toleo hilo la Nintendo, hatua ya mwanzo kabisa, mistari minne ukiifuta mmoja mmoja unapata pointi 160. Ukiifuta kwa mpigo mmoja unapata 1,200. Hapo ndipo mimi na binti yangu tunapobishana. Matofali yakishavuka nusu ya uwanja na fimbo haijaja, mimi nasema ziba, futa mmoja, shusha rundo. Yeye ananijibu, "Mama, subiri kidogo," na anaendelea kujenga. Wasomaji wenzangu mnaoucheza, mngefanyaje hapo?

Fundi wa Ngamiani, Tanga