Maswali kwa Mfamasia: Maziwa na dawa za antibayotiki

SWALI: Ndugu Mfamasia, mimi ni mfugaji wa Simanjiro. Nilisumbuliwa kwa muda mrefu na homa ya kuja na kuondoka, maumivu ya viungo na jasho la usiku, hadi nilipopimwa nikaambiwa nina brusela. Daktari ameniandikia doksisaiklini na rifampisini za wiki 6. Kijana wa dirisha la dawa amenikataza kugusa maziwa mpaka dozi iishe, lakini mzee wetu nyumbani anasema dawa kali humezwa kwa maziwa ili isiunguze tumbo. Chakula chetu ni maziwa: chai asubuhi, ugali kwa mtindi mchana, na maziwa tena usiku. Nimsikilize nani?
Mfugaji, Simanjiro

JIBU: Ndugu mfugaji, pole sana kwa kuugua. Usimeze doksisaiklini kwa maziwa kama mzee anavyoshauri, lakini pia huna sababu ya kuyaacha kwa wiki 6 nzima. Kinachotakiwa ni kutenganisha saa za dawa na saa za maziwa.

Maziwa yana madini mengi ya kalisi; glasi moja ya mililita 250 ina takriban miligramu 300. Dawa za jamii ya tetrasaiklini, ambamo doksisaiklini imo, zikikutana na kalisi tumboni hushikamana nayo, na mshikamano huo haupenyi vizuri kwenye ukuta wa utumbo kuingia katika damu. Sehemu ya dawa uliyomeza hutoka na choo bila kufanya kazi yoyote. Tabia hiyohiyo ya kushikamana na kalisi ndiyo inayofanya tetrasaiklini ibadilishe rangi ya meno ya watoto wadogo, kwa kuwa hujijenga ndani ya jino linalokua. Tetrasaiklini yenyewe ikinywewa na maziwa inaweza kupoteza nusu ya nguvu yake au zaidi. Doksisaiklini ina nafuu, kwani hupoteza kama sehemu moja ya tano, lakini kwa ugonjwa kama brusela, ambao vimelea vyake hujificha ndani ya chembe za mwili na hurudi kwa urahisi tiba ikilegalega, sioni sababu ya kuipoteza hata hiyo sehemu moja kila siku kwa wiki 6.

Kama umeandikiwa doksisaiklini asubuhi na jioni, unaweza kupanga hivi. Rifampisini huingia vizuri mwilini tumbo likiwa tupu, kwa hiyo imeze saa 12 asubuhi kwa maji, wala usishtuke ukiona mkojo na jasho vimegeuka rangi ya machungwa. Saa 1 kunywa uji usiotiwa maziwa, kisha umeze doksisaiklini kwa glasi nzima ya maji. Chai ya maziwa iachie saa 3. Mtindi wa mchana hauna tatizo, kwa sababu kidonge cha jioni utakimeza saa 1, pamoja na ugali na mboga zisizoungwa kwa maziwa. Ikifika saa 3 usiku unaweza kunywa maziwa yako. Kwa doksisaiklini, saa 2 kabla na saa 2 baada ya kidonge zinatosha. Samli haina shida, maana ni mafuta karibu matupu na kalisi yake ni kidogo mno. Kuchemsha maziwa au kuyagandisha hakupunguzi kalisi, kwa hiyo usidhani mtindi ni salama zaidi kwa dawa kuliko maziwa mabichi.

Mzee hakukosea katika jambo moja: doksisaiklini huchoma kweli. Huchoma hasa ikinasa kwenye umio, na hutokea kwa mtu anayemeza kidonge kwa funda moja la maji kisha akalala. Dawa ya hilo ni maji ya kutosha, chakula kidogo, na kukaa wima kwa nusu saa angalau. Ukipata kiungulia, usikimbilie vidonge vya kutafuna vya kiungulia wakati huohuo, kwani vingi vina magnesi, alumini au kalisi, na huizuia dawa kuliko hata maziwa. Vidonge vya madini chuma pia viko katika kundi hilo. Nashangaa kwamba maziwa hukatazwa kwa ukali dirishani, ilhali vidonge vya kiungulia vinauzwa pamoja na antibayotiki bila neno lolote.

Kuna jambo jingine ambalo hukuuliza. Brusela mara nyingi hutoka kwenye maziwa mabichi ya mifugo yenye maambukizi, au kwa kushika mnyama aliyetupa mimba na kondo lake. Kugandisha maziwa mabichi kuwa mtindi hakutoi uhakika wa kuua vimelea hivyo, lakini kuyachemsha kunaviua. Chemsheni kwanza, yapoe, ndipo mgandishe. Waulize pia wa nyumbani kama kuna mwingine mwenye homa za namna yako, akapimwe, na umweleze afisa mifugo kama kuna ng'ombe au mbuzi waliotupa mimba.

SWALI: Mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu ameandikiwa amoksilini kwa ajili ya nimonia. Bibi yake amezuia maziwa yote, hata kunyonya anataka kupunguzwe, akisema maziwa yanaua dawa. Nilipomeza siprofloksasini mwaka jana na mimi nilikatazwa maziwa. Je, ni sawa?
Mama, Tanga

JIBU: Mama, mrudishie mtoto titi leo hii. Amoksilini haishikamani na kalisi kwa namna ya kumdhuru mgonjwa, na inaweza kunywewa kabla ya chakula, pamoja nacho au baada yake. Vile vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha, vinavyotolewa kwa watoto wenye nimonia, huweza hata kuyeyushwa katika maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Mtoto mwenye nimonia anapumua kwa shida na kula kwa tabu, hivyo kumnyima maziwa ni kumwongezea udhaifu.

Bibi amechukua katazo la dawa moja akaliweka kwenye dawa zote, na nadhani alilisikia kwako. Siprofloksasini ulikatazwa kwa haki: ikimezwa kwa maziwa matupu au mtindi, kiasi kinachoingia katika damu hupungua kwa karibu theluthi moja. Hiyo humezwa saa 2 kabla ya maziwa au saa 6 baada yake, ingawa maziwa kidogo yaliyomo ndani ya mlo kamili hayana athari kubwa. Septrini na metronidazoli hazina ugomvi na maziwa. Ampisilini na kloksasilini huhitaji tumbo tupu, lakini kinachozipunguza ni chakula chochote, si maziwa peke yake. Kwa hiyo ukipewa bahasha iliyoandikwa "1×2" tu, uliza jina la dawa na uliandike juu yake, ndipo uulize habari za maziwa.

Mtoto akianza kuharisha kidogo kwa sababu ya dawa, endelea kumnyonyesha na kumpa chakula chake. Mtindi wa maziwa yaliyochemshwa huwa mwepesi zaidi kwa tumbo kuliko maziwa ya glasi, kwa kuwa sehemu ya sukari ya maziwa imekwisha kuliwa na bakteria wanaoyagandisha. Choo kikiwa na damu, au mtoto akikataa kunyonya, akipumua haraka zaidi au akivuta mbavu ndani, mrudishe kituoni siku hiyohiyo.